Mwanafunzi wa Boke

Madam Agatha alikuwa akisoma majina mawili mawili, na kila wawili waliotajwa walisimama wakaenda kukaa benchi moja. Watu walitaniana na kusukumana kama watoto wa darasa la pili. Ndalahwa, yule Msukuma wa pampu, alipopangwa na mama mpishi alipiga makofi.

"Hata nikifeli," alisema, "tumbo litakuwa limefaulu."

Boke alicheka pamoja na wengine. Kisha akasikia jina lake, na baada ya jina lake likaja la Machage, na kicheko kikamfia mdomoni.

Machage alikuwa baba mkwe wake, baba wa mume wake Elia.

Ndani ya kile kibanda cha kulia chakula cha mtamboni palikuwa na Wakurya wachache, na wote waliangalia chini kwa pamoja kama watu waliodondosha kitu. Wengine, watu wa Shinyanga na Geita na Kigoma walioletwa na dhahabu, hawakuona ajabu yoyote. Na Madam angejuaje? Alikuwa mtu wa Bukoba, hana hata mwaka huku. Kwenye karatasi za ajira Boke aliandikwa kwa jina la babaye mzazi, na mzee kwa jina la kwao.

"Boke, mwanafunzi wako yule pale," Madam alisema huku akitabasamu. "Sogea ukae naye. Bega kwa bega, kidole juu ya kioo. Mtu mzima hujifunza hivyo."

Boke alisimama, akabaki palepale. Kwa desturi ya kwao mke wa mtoto hakai benchi moja na baba mkwe, hamgusi, hamtazami machoni, hapiti mbele yake akiwa anakula, na wala hamwambii mbele ya watu kwamba amekosea. Kwa Kikurya wanaiita insoni, ni aibu na heshima zimefungwa kitambaa kimoja, na asiye nayo huambiwa hakulelewa.

Mzee Machage ndiye aliyemwokoa. Aliinuka, akakohoa, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Madam, mimi natoka kidogo kujisaidia," akaenda zake.

"Mwanafunzi mtoro huyo!" Ndalahwa alisema, watu wakacheka, shughuli ikaendelea.

Mtambo wenyewe ulikuwa mdogo, wa watu binafsi, nje kidogo ya Kewanja. Hapo waliletewa marudio, yaani ule mchanga wa mawe ambayo wachimbaji wamekwisha kuyasaga na kuyaosha, wakauloweka ndani ya matenki kwa sayanaidi ili watoe dhahabu iliyobaki. Sayanaidi ni sumu, kila mtu anajua. Kinachoizuia isigeuke hewa ni chokaa. Chokaa ikitosha, tenki linatulia. Ikipungua, hewa inatoka, na hewa ile haimpi mtu nafasi ya kuuliza kuna nini.

Kwa miaka mingi kazi ya kuangalia chokaa ilikuwa ya Machage. Alichovya kikaratasi, kikabadilika rangi, akaitazama rangi, akamwaga ndoo au akaacha. Basi. Kisha matajiri wakaleta vipimo vya umeme vinavyoshinda ndani ya tenki na kupeleka habari kwenye tableti, na vikaratasi havikununuliwa tena. Tableti ilionyesha namba, na chini ya namba mstari, na mstari ule ndio uliosema hali ya chokaa inakwendaje tangu asubuhi.

Matajiri walitaka wazee wote waondolewe, waje vijana wa kidato cha nne. Madam Agatha, aliyekuwa mkuu wa mambo ya wafanyakazi na mafunzo yao, alikataa. Watu walimsikia kwa masikio yao, mlango wa ofisi ukiwa wazi, akimwambia mkurugenzi: "Hamjawahi kuwafundisha hata siku moja. Mnawafukuza kwa kosa gani? Nipe muda, nitawafundisha mimi." Alipewa muda, ila kwa sharti: atakayefeli mtihani mara mbili anakwenda nyumbani. Fedha za walimu hakupewa. Ndipo alipotafuta wepesi wa kushika miongoni mwa wafanyakazi wenyewe, kila mmoja akamkabidhi mtu wake wa kumfundisha.

Boke alikuwa mwepesi. Shule aliishia darasa la saba. Kazi yake pale ilikuwa kuchota sampuli za matope kwenye matenki na kuzipanga mezani, kazi inayotaka mtu asiye na haraka. Tableti aliijua kwa kumtazama tu Nashoni, msimamizi wa zamu, akiibonyeza.

Kipindi kilipokaribia kuisha, Madam aliuliza mbele ya wote, "Kuna mwenye shida na mtu aliyepangiwa?"

Mzee alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Kusema pale kwamba kuna shida kungekuwa ni kumtaja, na kumtaja ndiyo aibu yenyewe. Lakini Boke alikuwa na wazo lingine pia. Akiomba abadilishiwe, mzee ataangukia kwa Nashoni, na Nashoni hakuwa mtu wa kumbeba mzee. "Ukifeli umefeli, mura," ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu. Mzee akirudishwa nyumbani, nani atabaki? Elia alikwenda Geita kuchimba, simu yake haikupatikana tena tangu mvua za mwaka jana. Aliyemweka Boke na watoto wake, aliyemtafutia hata hiyo kazi ya sampuli, alikuwa mzee huyohuyo ambaye hajawahi kukaa naye wakazungumza.

"Hakuna shida, Madam," Boke alisema.

Nyumbani maneno yao yote yalipitia kwa Waisiko, mama mkwe. Jioni ile Boke alikuwa jikoni anasonga ugali, na mzee, ambaye Boke alimwita tata, amekaa nje kwenye kiti chake, ukuta wa udongo kati yao.

"Mama, mwambie tata, mstari ukishuka, chokaa imepungua, amwage. Mstari ukipanda au ukilala, aache."

Waisiko alitoka, akasema kwa Kikurya, akarudi. "Anasema amesikia. Mstari ukishuka, chokaa."

"Mwambie na ile namba ya juu. Ikigeuka nyekundu, amwite Nashoni."

Waisiko akaenda, akarudi. "Anasema namba zile ni ndogo, macho yake hayazipati. Na rangi kwenye kioo anaiona jua tupu. Ila mstari anauona, maana ni mnene."

"Basi auangalie mstari."

"Anasema hata sasa anauangalia sana." Waisiko alifuta mikono kwenye kanga. "Na mimi nimekuwa mwanafunzi bila kuandikishwa. Mkimaliza mnipe na mimi cheti."

Alifundishwa hivyo. Kila jioni swali lilitoka nje, jibu likatoka jikoni, Waisiko katikati, leo na ufagio mkononi, kesho na kuku aliyekwisha kuchinjwa. Boke aliona mambo yanakwenda vizuri. Mzee alishika upesi kila alichoambiwa, na akiulizwa alijibu bila kubabaika. Maneno yote aliyajua. Kioo chenyewe hawakukitazama pamoja hata siku moja.

Siku ya mtihani mtandao ulisumbua, Madam akasema kila wawili wafanyie mahali pao, mwalimu amfungulie mwanafunzi wake maswali, yeye atapita kuangalia. Boke akakaa kwenye chumba cha sampuli. Mzee akakaa nje, kivulini, upande wa pili wa bati, akingoja tableti ipitishwe dirishani. Boke aliishika. Alikuwa ameshaunyoosha mkono kuipitisha. Akaona zile namba ndogo, akaona maswali yenyewe yameandikwa kwa herufi kama mayai ya chawa, akaurudisha mkono.

Alibonyeza yeye. Swali baada ya swali, taratibu, mengine akikosea kwa makusudi ili isionekane. Kisha akaitoa tableti dirishani, uso ameugeuzia ukutani, ili mzee aweke dole gumba tu. Mzee aliipokea. Alikaa nayo kimya kwa muda mrefu kuliko anavyokaa mtu wa kuweka dole. Halafu ikarudi dirishani, imewekwa dole.

Alipata tisini na mbili. Hakuna mzee mwingine aliyeikaribia. Madam Agatha alimwita mbele akampigia makofi, akampigia na mwalimu wake, na Machage alisimama pale kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Tangu hapo Boke hakukaa kwa amani. Kwenye meza yake ya sampuli palikuwa na tableti nyingine inayoonyesha mstari uleule. Mstari ukianza kushuka, aliinua macho kumtazama mzee kwa mbali, pale kwenye kigoda chake kando ya tenki. Mzee alikuwa anaitazama tableti yake kwa bidii kabisa, na hainuki. Boke alingoja. Mzee hainuki. Basi akamwita Ndalahwa.

"Ndalahwa, mwambie mzee chokaa."

Na Ndalahwa akaenda anaimba njia nzima. "Mzee shikamoo! Mkweo anakusalimia. Salamu zenyewe ndoo mbili."

Mzee aliitazama tableti, akamtazama Ndalahwa, akaitazama tena tableti. Kisha akainua ndoo.

"Nyie Wakurya mna mambo," Ndalahwa alisema akirudi. "Mtu unakaa naye boma moja, unakula naye chungu kimoja, mnatumiana mimi! Na nikienda likizo kwetu mtapigiana filimbi?"

"Hiyo likizo nani atakupa? Nenda kwenye pampu yako."

"Naenda, mwalimu. Lakini nitadai nauli."

Boke alidhani ni macho. Alijiambia mzee anaona mstari lakini hauoni vizuri, ni uzee, na uzee hauna dawa. Ilimsumbua tu kwamba mara nyingine mzee aliinuka mwenyewe, akamwaga chokaa wakati mstari uko juu na hauhitaji kitu. Nashoni aliliona hilo kwenye taarifa za mwezi. Alimfokea mzee mbele ya watu kwamba chokaa inaliwa kama unga wa msiba.

Madam Agatha naye alikuwa na michoro yake ukutani, ya nani amefuzu na nani bado. Jina la Boke lilikuwa juu kabisa. Siku moja alimwita ofisini, akamkaribisha kiti.

"Kesho tunakwenda kwenye mtambo wetu wa upande wa Serengeti. Wale bado wamekwama. Nataka wakuone wewe, darasa la saba kama wao, na mwanafunzi wako kapata tisini na mbili."

"Madam, kesho yanaingia marudio mapya. Ningebaki."

"Nashoni yupo. Machage yupo. Boke, umemfundisha wewe mwenyewe. Humwamini?"

Alitazama mikono yake. Madam alimngoja kwa upole, kalamu hewani.

"Nitakuja, Madam," akasema.

Jioni akamwambia Waisiko: "Mwambie tata kesho sipo kazini. Amwage chokaa mara kwa mara, hata kama haoni haja."

Waisiko akaenda, akakawia, akarudi. "Anasema Nashoni amemgombeza kwa chokaa. Anasema ataangalia mstari, kama ulivyomfundisha."

Kesho yake mchana Boke alikuwa amesimama mbele ya watu asiowajua, Madam akiwaeleza habari zake, simu ya Madam ilipoita. Madam aliikata. Ikaita tena. Akaipokea akiwa bado anatabasamu, na Boke, ambaye maisha yake yote ni kutazama nyuso za watu, aliliona tabasamu likibaki pale mdomoni peke yake, macho yameshaondoka.

Yaliyotokea alisimuliwa baadaye. Marudio yale mapya yalitoka kwenye shimo lenye mawe ya kutu, na mawe ya kutu hula chokaa kuliko mengine. Nashoni alikuwa getini na madereva wa malori. Mzee Machage alikaa kwenye kigoda chake asubuhi nzima, tableti juu ya magoti, hakuiachia hata kunywa uji; wote waliomwona walisema hivyo. Bomba la tenki likaziba. Ndalahwa akaingia kwenye kibanda cha pampu kulizibua, kibanda chenye mlango mmoja na dirisha moja la ukubwa wa kiganja. Mama mpishi alipita na sufuria akamsikia akikohoa, akamtania kwamba pilipili bado haijawekwa. Hakujibiwa. Walimvuta nje kwa kamba. Alifia kwenye gari, kabla hawajaiona hospitali.

Polisi wakamchukua Machage.

Uchunguzi ulifanyika palepale mtamboni, ndani ya kile kibanda cha kulia chakula. Alikuwepo mkurugenzi, wakaguzi wawili, askari na karatasi zake, Madam Agatha amekaa pembeni bila rangi usoni, na wafanyakazi wote. Mbele kabisa aliketi kaka yake Ndalahwa aliyetoka Shinyanga, mtu mpole, ameweka mikono juu ya mapaja kama mgonjwa anayesubiri zamu. Machage walimkalisha kwenye kiti katikati.

Nashoni alisimama kwanza. "Huyu mzee alifundishwa, na alifuzu kwa tisini na mbili. Siku hiyo chokaa ilikuwepo, imepangwa kando yake. Hakuinua hata ndoo."

"Mzee," askari aliuliza, "mstari uliuona?"

"Niliuona."

"Ulikuwaje?"

Machage aligeuza kichwa kidogo kuelekea walikokaa wanawake, bila kumtazama yeyote, kisha akakirudisha.

"Ulishuka," alisema. "Nikapuuza."

Kaka yake Ndalahwa alivuta pumzi. Askari akainama kuandika.

Boke alielewa palepale. Mzee akisema hakujua kusoma, wataulizana nani alimfundisha na nani alimfanyia mtihani. Basi ameamua kufungwa. Atazeekea ndani, watu wa Kewanja watamwita aliyeua Msukuma wa watu kwa uvivu, na yeye Boke ataendelea kuchota sampuli na kupigiwa makofi. Alimtazama yule askari, kalamu inavyokwenda. Akasimama.

"Hakupuuza," alisema. "Hajui kuusoma. Mtihani niliufanya mimi."

Kibanda kikalipuka kwa kelele. "Kaa chini wewe!" Nashoni alipaza sauti. Mkurugenzi akamgeukia Madam Agatha, "Anasema nini huyu?" Na katikati ya kelele zile mzee aliongea, amewapa mgongo wanawake.

"Huyo mtoto anasema uongo. Ameogopa tu. Mimi nasoma vizuri."

Mmoja wa wakaguzi, mtu mwenye sauti ndogo, alinyoosha mkono watu wanyamaze. "Mpeni tableti. Mfungulieni siku ile."

Tableti ikaletwa, ikawekwa juu ya magoti yake. Mzee alikifuta kioo kwa kiganja. Alitaka kuonyesha kwamba anajua, na kwa kutaka hivyo akasahau kwamba dakika chache tu zilizopita amesema mstari ulishuka.

"Hapa asubuhi," alisema, akaweka kidole kwenye ukingo wa kulia, upande wa mkono wake wa kazi, chini kabisa. Akaanza kukisogeza taratibu kuelekea kushoto. "Tumeanza kazi uko chini. Unapanda. Nikasema sawa, unapanda. Huu hapa, bado unapanda, unapanda mpaka—" Kidole kilifika pembe ya juu ya kushoto kikakosa pa kwenda. "Mpaka hapa. Sasa hapa ningemwaga chokaa ya nini?"

Madam Agatha alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Kumbe mzee aliona. Siku zote zile aliona vizuri kabisa, ila ameanzia upande usio wake, maana hakuna mtu aliyewahi kukaa kando yake akaweka kidole akamwambia, asubuhi iko huku. Neno hilo moja haliwezi kusemwa kupitia ukutani, kwa sababu jikoni hakuna aliyefikiri kwamba lahitaji kusemwa.

Mkaguzi aliinama, akakishika kidole cha mzee kama anavyoshikwa mtoto, akakirudisha mpaka kushoto, juu. "Mzee wangu, asubuhi inaanzia hapa." Akakitembeza kwenda kulia. Kidole kilishuka, kikashuka, kikaenda kufika chini.

Mzee alikitazama kidole chake.

"Anasemaje?" kaka yake Ndalahwa aliuliza majirani zake wa benchi. "Anasemaje, jamani?" Watu wakainamisha vichwa.

Hapo ndipo Machage alipoinua uso, na macho yake yakakutana na ya Boke, ana kwa ana, kwa mara ya kwanza tangu alipoolewa kwenye boma lile. Boke alijifunika kanga mpaka kichwani.

Nje Madam Agatha alimfuata mpaka nyuma ya matenki.

"Kwa nini hukuniambia ni mkweo?"

"Uliuliza akiwa amesimama mlangoni, Madam."

"Ungenifuata ofisini! Mlango wangu uko wazi siku zote."

"Ungenibadilishia. Halafu angefeli."

Madam aligeuka akayatazama matenki. "Nilipigana wasifukuzwe," alisema baadaye, kama anajisemea. "Nilipigana na kila mtu."

"Najua, Madam. Tulikusikia."

Walisimama pale wote wawili, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kumpa mwenzake.

Polisi walimwachia mzee, kesi ikabaki inasemwa tu kwamba inaendelea. Kazi aliachishwa, na Boke aliachishwa siku hiyohiyo. Wazee waliobaki walipewa barua zao mmoja mmoja kabla mwezi haujaisha, na vijana wa kidato cha nne wakaja na mabegi yao mgongoni. Madam Agatha naye hakukaa. Walisema amerudi kwao, wengine walisema yuko Mwanza.

Bomani kiti cha mzee kiliondoka ukutani pa jiko. Alikihamishia mbali, kwenye zizi, akawa anashinda huko amewapa mgongo watu. Chakula alipelekewa na Waisiko. Maneno hayakuwepo ya kupelekwa.

Alasiri moja Waisiko aliingia jikoni akakaa kwenye kinu kilicholazwa, jambo ambalo si kawaida yake kukaa mchana.

"Kuna siku aliniambia," alisema. "Zamani, kabla ya msiba. Alisema, huyu binti ananiagiza chokaa mstari ukiwa unapanda, muulize kwa nini." Alikunja pindo la kanga. "Sikukuletea. Niliona ni maneno ya kulalamika. Nikasema nikiyapeleka nitakuwa nagombanisha baba na mkwe."

Boke alikuwa anachambua mchicha. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea, kwa sababu hakujua ifanye nini kingine. Hakumlaumu. Angemlaumu kwa kipi ambacho yeye mwenyewe hakukifanya?

Nje walisikia kiti kikiburutwa. Kilikuja polepole kutoka zizini, kikagota ukutani pa jiko, mahali pake pa siku zote. Mzee akakohoa. Waisiko akatoka.

Aliporudi hakukaa. "Anauliza," alisema, "siku ile mstari ulianza kushuka saa ngapi."

Boke alijua. Alikuwa ameuona pale kwenye uchunguzi, kidole cha mzee kikitembezwa juu yake. Haukushuka kwa ghafla hata kidogo. Ulianza kuinama tangu walipoingia kazini, ukashuka kwa upole asubuhi nzima, na wakati wowote wa asubuhi ile ndoo mbili za chokaa zingetosha. Hicho ndicho mzee alichokuwa anauliza. Alikuwa anauliza kama Ndalahwa angepona.

"Mwambie, tangu walipoingia kazini."

Waisiko alisimama tu.

"Mwambie, mama. Mwambie ulishuka asubuhi yote. Nimeshamficha vya kutosha."

Mama mkwe alijifunga kanga upya kiunoni, akatoka. Boke alisogea ukutani. Alisikia sauti ya Waisiko, ya chini, ya Kikurya, laini kama anayeongea na mtu mwenye homa.

"Anasema ulishuka ghafla. Anasema hata angekuwa nani, asingewahi."

Kuku alikwaruza mchanga mlangoni. Boke aliushika ukuta kwa kiganja, akangoja kiti kiburutwe kurudi zizini, na hakikuburutwa.

"Kamuulize tena," mzee alisema.